Gari la Wazi la Zamani: Tazama Vizingiti Kabla ya Injini

Watu wengi wanaotafuta gari la spoti la zamani, lile la paa la turubai linalokunjwa jua likitoka, huanza kwa kufungua boneti. Wanasikiliza injini, wanachomoa kijiti cha oili, wanauliza gari limetembea maili ngapi. Mimi injini naitazama mwisho. Kwa magari haya, hasa yale ya Kiingereza ambayo mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kuyamudu, injini ni kitu chepesi: inafunguliwa, inafanyiwa oveholi, na spea zake kuanzia pistoni hadi gasketi zinatengenezwa mpaka leo. Kinachomfilisi mnunuzi ni bodi.

Sababu iko kwenye paa lisilokuwepo. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko kilichobana, jaribu kulisokota. Halafu ondoa kifuniko ujaribu tena. Katika gari la kawaida, paa la chuma na nguzo zake huzishika sehemu ya mbele na ya nyuma zisichezeane. Paa likiondolewa, kazi yote ya kuzuia gari lisipinde inahamia chini: kwenye vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango, na kwenye handaki la katikati linalopitisha shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma. Vizingiti vikioza, gari linaweza kuwaka kwa jaribio la kwanza na kung'aa rangi, huku linajikunja taratibu katikati.

Nichukue MGB, kwa kuwa ndilo gari ninalompendekezea kwanza mtu anayeanza. Lilitoka mwaka 1962, na kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford, kiliendelea kuliunda hadi Oktoba 1980. Ukijumlisha na yale ya paa la chuma yaitwayo GT, yalitoka zaidi ya 500,000, na sehemu kubwa ilivuka bahari kwenda Marekani. Injini yake ni ya silinda nne, cc 1,798, kabureta mbili za SU, nguvu za farasi zipatazo 95. Halina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kila kizingiti kimejengwa kwa mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja: la ndani, la nje, na jingine lililosimama kati yao. Chumvi inayomwagwa kwenye barabara za Uingereza majira ya baridi ili kuyeyusha barafu huingia humo pamoja na maji, ikakaa. Kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona kipele kwenye rangi, huko ndani kazi imeshakwisha.

Kwa hiyo ukienda kwa muuzaji, beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, na nguo usizozionea huruma. Pitisha sumaku kwenye sehemu za chini za milango, mapajani mwa magurudumu na kwenye vizingiti. Pale isiposhika pamejazwa puti. Tazama uwazi ulio kati ya mlango na bodi ya nyuma. Unatakiwa uwe na upana uleule kuanzia juu hadi chini. Ukibana juu na kupanuka chini, gari limeanza kushuka katikati. Kisha mwombe mwenyewe alipandishe kwa jeki kwenye sehemu yake ya jeki iliyo kando, chini ya mlango, ufungue na kufunga mlango gari likiwa limeinuliwa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kugoma, shukuru, aga, ondoka. Na muuzaji akikataa jeki isiwekwe pale, umeshapata jibu bila kuchafuka.

Usiishie hapo. Funua mazulia ushike sakafu kwa mkono; unyevunyevu ni dalili. Kwenye magari ya kabla ya mwishoni mwa 1974 betri zilikuwa mbili za volti 6, zimefichwa chini nyuma ya viti, na vikapu vyake huoza kwa asidi na matope. Angalia pia pale springi za majani zinapofungwa kwenye bodi. Halafu uliza swali ambalo wauzaji wengi hawalitegemei: vizingiti vilipobadilishwa, tundu la mlango lilifungwa chuma cha kulishikilia kabla ya kukata? Fundi aliyekata vizingiti vya gari la wazi bila kulitegemeza amelichomelea likiwa limepinda, na mpindo huo hautoki kwa rangi wala kwa kurekebisha bawaba. Omba picha za kazi. Mwenye kazi safi huwa anazo, tena anafurahi kuulizwa.

Kwa MGB iliyooza kabisa ipo dawa, ila ni ghali. Tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza bodi mpya kamili kwa kutumia mitambo ya asili ya kiwandani. Bei ya bodi hiyo tupu, kabla ya rangi na kazi ya kuhamishia kila kitu, inapita pauni 10,000. Kwa fedha hizo mtu anaweza kupata gari zima lililotunzwa. Ndiyo maana nasema lipa zaidi leo kwa gari lenye bodi nzuri na injini inayovuja oili, uache lile lenye injini mpya na vizingiti vya puti.

Bado una uamuzi wa bampa. MGB za hadi 1974 zina bampa za kromu. Zilizofuata zina bampa kubwa nyeusi za mpira, na gari likainuliwa ili kutimiza kanuni za Marekani. Kuinuliwa huko kuliharibu utulivu wake kwenye kona, na wakusanyaji waliyakwepa. Kwa hiyo ni ya bei ya chini. Kwa mtu wa Jumapili mchana nayaona ni chaguo la haki kabisa: ni mapya zaidi, mengi yana gia ya ziada ya mwendo mrefu inayopunguza kelele ya injini, na fundi anaweza kuyashusha. Jihadhari tu na yaliyorudishwa kutoka Marekani. Bodi zake huwa kavu, hasa zilizokaa California, lakini usukani uko kushoto, na ya kuanzia 1975 yalipewa kabureta moja badala ya mbili, nguvu ikapungua sana.

Triumph Spitfire ni rahisi zaidi kununua na, kwa mpenda kushika spana, lina raha yake. Mchoro ni wa Mwitaliano Giovanni Michelotti. Liliundwa Coventry tangu 1962 hadi 1980. Mbele yote, boneti na mapaja pamoja, inafunuka kwa kwenda mbele, ukakaa juu ya tairi na kuifikia injini kila upande. Lina chasisi, lakini chasisi hiyo ni nyembamba katikati, kwa hiyo vizingiti bado vinabeba. Mtu mmoja akanyage klachi huku wewe ukitazama puli iliyo mbele ya injini: ikisogea mbele na nyuma kwa kiasi cha kuonekana, washa za kuzuia krenki zimelika, na zikidondoka zinaweza kuua bloku. Ya kabla ya 1970 yana ekseli ya nyuma inayobembea. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, gurudumu linaweza kujikunja kwa ndani. Kwa dereva mgeni nashauri Mark IV au 1500.

Magari ya Kiitaliano, Fiat 124 Spider na Alfa Romeo Spider, yana injini tamu kuliko haya yote. Kutu yake pia ni kali kuliko haya yote. Yaache hadi uwe na fundi wako.

Kwa asiyetaka kabisa kushika spana, kuna Mazda MX-5, iliyoonyeshwa kwanza Chicago mwaka 1989 na kutengenezwa kwa kuwatazama hao Waingereza. Inawaka kila asubuhi na turubai lake halivuji kirahisi. Lakini hata hapa ugonjwa ni uleule: mifereji ya kutoa maji iliyo nyuma ya viti huziba kwa majani, maji yakaingia kwenye vizingiti, vikaoza mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Bonyeza hapo kwa kidole gumba. Na kwa msomaji anayeishi London, hesabu jambo hili: magari yaliyotimiza miaka 40 hayalipi kodi ya barabara yakishasajiliwa kama ya kihistoria, wala tozo ya hewa chafu ya jiji, lakini MX-5 ya mwanzo haijafika umri huo, na kwa kawaida hutozwa pauni 12.50 kila siku inapoendeshwa humo.

Umri huo huo umeleta hatari moja. Tangu Mei 2018, nchini Uingereza, gari la zaidi ya miaka 40 lisilobadilishwa sana halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka. Mnunuzi anafurahi, na kutu inafurahi pia. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali. Historia ya ukaguzi ni bure. Mwenye gari anayeendelea kulipeleka kwa hiari anastahili bei nzuri kuliko aliyeacha siku sheria ilipomruhusu.

Kuhusu mafuta, risasi iliondolewa kwenye petroli ya Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, nayo ndiyo iliyokuwa ikikinga viti vya valvu kwenye silinda hedi za chuma. Uliza kama hedi imewekewa viti vigumu. Kama bado, dawa ya kuongeza kwenye tangi inatosha kwa safari fupi. Tangu 2021 petroli ya kawaida ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, inayolainisha mipira ya zamani. Jaza ile ya daraja la juu yenye E5, na badilisha mipira yote ya mafuta mara tu gari likifika nyumbani. Mipira iliyopasuka juu ya eksozi ya moto si jambo la kuahirisha.

Wapo wanaotamani kulirudisha gari Afrika Mashariki. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo usilipe hata senti kwa nia hiyo kabla ya kupata jibu la maandishi kutoka mamlaka husika.

Muda wa kutafuta ni Novemba hadi Februari. Bei hushuka, wauzaji wana subira, na mvua ya Uingereza inakuonyesha yenyewe maji yanapoingia. Ukilipata Januari, una miezi mitatu ya kubadilisha mipira ya breki, kupuliza nta ndani ya vizingiti na kufunga mikanda mipya ya viti kabla ya jua la Aprili.