Mbunge atuambie kodi yetu inaenda wapi

Wamama, mnakumbuka RAM? Kuanzia 2020, mwenye simu ya intaneti alikatwa yunite za dola 7 kwa mwaka. Watu walilalamika, wabunge wakamhoji waziri, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa. Basi, kuuliza kunasaidia.

Hapa Haut-Lomami, bunge la jimbo ndilo linalopitisha bajeti na kusimamia matumizi. Mbunge akija kikundini, tumuulize: Ulikubali kodi gani? Soko na maternite vilipangiwa feza ngapi? Zilifika ngapi?

Asipojibu, tumsimamishe mama mmoja kati yetu ashindane naye. Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe feza za dhamana kwa orodha ambayo nusu ya wagombea wake ni wanawake.