Ziplaini Kwanza, Gari Baadaye: Jinsi ya Kupanga Siku Moja Milimani Morisi

Morisi husifiwa kwa fukwe zake, lakini siku moja ya milimani imekuwa sehemu ya kawaida ya safari ya kisiwa hicho. Mgeni huondoka hotelini pwani, hupelekwa kwenye mashamba makubwa ya kusini na magharibi, kama yale ya Bel Ombre, Chamarel au Chamouny, na huko huendesha bagi, yaani gari dogo la njia mbovu, au pikipiki ya magurudumu manne kwenye njia za udongo. Kisha hufungwa mikanda na kuvuka bonde akining'inia kwenye kapi linalokimbia juu ya waya wa chuma, mchezo unaoitwa ziplaini. Wanaopanga siku ya namna hii huanza na gari, kwa kuwa ndilo linalokula saa nyingi na fedha nyingi, na waya huja baadaye kama kitu cha kumalizia. Mimi nasema mpangilio huo ni wa kinyumenyume. Waya ndio upewe saa ya kwanza ya siku, na mengine yote yaufuate, kwa sababu gari huvumilia hali ya hewa ambayo waya hauivumilii hata kidogo.

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana udogo wake huwadanganya watu. Kina kilomita za mraba 1,865 hivi, na kilele chake kirefu zaidi, Piton de la Petite Rivière Noire, hakifiki hata kilomita moja: ni mita 828. Hata hivyo, kimo hicho kinatosha kugawa hali ya hewa vipande vipande. Upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi inayojulikana na mabaharia wa pwani yetu, huja na unyevu wa bahari, hugonga uwanda wa juu wa katikati na kuumwaga huko. Uwanda huo hupata mvua ya hadi milimita 4,000 kwa mwaka, huku pwani ya magharibi, iliyokingwa na milima, ikipata karibu 900. Kwa hiyo mtu anayelala Flic en Flac kwenye jua kali anaweza kufika Chamarel baada ya mwendo mfupi akakuta ukungu na manyunyu. Anayeichungulia hali ya hewa kupitia dirisha la hoteli anatazama kisiwa kingine kabisa.

Saa nazo zina uzito wake. Katika miezi ya joto, kuanzia Novemba hadi Aprili, jua hupasha moto ardhi ya milimani tangu asubuhi, mawingu hukua kufikia adhuhuri, na alasiri ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa mvua na radi. Katika miezi ya baridi mvua hupungua, lakini upepo wa kusini-mashariki huwa na nguvu zaidi, na kwa kawaida huongezeka kadiri jua linavyopanda. Misimu hii miwili, kwa sababu tofauti, inatoa jibu moja: asubuhi ndiyo saa tulivu. Anayeweza kuchagua mwezi na achague Oktoba, ambao kwa wastani ndio mkavu kuliko yote.

Sasa tuutazame waya. Anayeteleza hana injini. Kasi yake hutokana na tofauti ya kimo kati ya jukwaa la kuanzia na la kufikia, na kinachompunguza ni msuguano wa kapi pamoja na hewa inayompiga kifuani. Mtu mzito hukimbia zaidi ya mwepesi, kwa sababu hewa humsukuma kidogo ukilinganisha na uzito wake. Upepo ukivuma kutoka mbele, mwepesi anaweza kusimama katikati ya bonde kabla ya kufika jukwaani, na mfanyakazi ikambidi aende kumvuta. Ukivuma kutoka nyuma, mzito hufika kwa kasi kubwa kuliko breki zilivyopangiwa. Tena upepo ukizidi kasi mara mbili, msukumo wake huzidi mara nne, ndiyo maana saa moja tu ya kuchelewa inaweza kuugeuza mchezo salama kuwa mchezo wa kufungwa. Waya uliolowa nao hupunguza ushikaji wa breki zinazotegemea msuguano. Na radi haina mjadala: kanuni inayofuatwa katika michezo ya nje ni kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ngurumo nyingine ikisikika, hesabu inaanza upya. Viwango vya chini na vya juu vya uzito vinavyotangazwa kwenye ziplaini vimetokana na hesabu hizi. Mwongozaji anayekupima kwenye mizani anakulinda, na asiyejali uzito wako ni wa kuepukwa.

Gari ni jambo jingine. Udongo wa Morisi umetokana na miamba ya volkano, na ukilowa hunata na kuteleza, lakini dereva ana njia za kukabiliana nao: kupunguza mwendo, kushuka mteremko kwa gia ndogo ili injini ndiyo ilishike gari, kuacha nafasi kubwa kwa gari la mbele, kusimama na kupima kina kabla ya kuvuka kijito. Mvua ya wastani huongeza kazi bila kuifuta safari. Hapa, hata hivyo, naweka mpaka. Tope likiwa jingi, chagua bagi, si pikipiki ya magurudumu manne. Bagi ina fremu ya chuma juu ya vichwa vya abiria na mikanda ya usalama. Pikipiki ile haina, na ikipinduka kwenye mteremko, uzito wake wote humwangukia mpandaji.

Wapo watakaosema kwamba gari hutangulizwa kwa sababu dereva anahitaji akili iliyotulia, na baada ya msisimko wa angani mtu huwa amechoka. Hoja hiyo ina uzito, lakini uchovu una dawa: chakula cha mchana na saa moja ya kivuli. Upepo wa saa 9 alasiri hauna dawa. Tena mpangilio wa kawaida una dosari isiyotajwa sana. Mtu aliyetoka kwenye matope hufika kwenye waya akiwa na mchanga nguoni na viatuni, mchanga huo huingia kwenye mikanda ya nailoni, na chembe zake hukwaruza nyuzi zinazobeba uhai wa atakayefungwa baada yake. Kwa sababu hiyo peke yake ningepanga waya kwanza hata siku isiyo na wingu.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la barabara. Anayelala Grand Baie, kaskazini kabisa, anahitaji zaidi ya saa moja ya gari kufika kusini, na foleni za karibu na Port Louis asubuhi si za kupuuzwa. Akitaka kuwa jukwaani saa 3, lazima aondoke kabla ya saa 1, na mwezi Juni jua huchomoza saa 12:40 hivi. Siku hizo mwanga haudumu zaidi ya saa 11 kwa jumla, na giza huanza kuingia kabla ya saa 12 jioni. Sioni njia ya kulikwepa hili isipokuwa kulala kusini au magharibi usiku wa kuamkia safari, au kuchagua shamba moja lenye michezo yote miwili. La Vallée des Couleurs, kule Chamouny, ni mfano wake. Kurukaruka kati ya shamba na shamba kwa siku moja ni kununua foleni kwa bei ya matembezi.

Mashamba haya yana historia inayoeleza kwa nini michezo ipo hapo. Mengi ni ya miwa, na mengine yalitengwa kwa uwindaji wa kulungu walioletwa na Waholanzi kutoka Java mwaka 1639. Njia za udongo zilikuwepo tayari. Umoja wa Ulaya ulipoanza kupunguza bei ya sukari mwaka 2006, punguzo lililofikia asilimia 36, wenye ardhi walilazimika kutafuta mapato mengine, na utalii ukawa mojawapo. Naitaja historia hii kwa sababu inahusu mahali magurudumu yanapopaswa kuishia. Msitu wa asili wenye afya uliobaki ni chini ya asilimia 2 ya eneo la kisiwa, na sehemu yake kubwa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Black River Gorges, iliyoanzishwa mwaka 1994. Adui wake mkubwa ni mimea vamizi, hasa mpera wa Kichina, na tope la tairi ni chombo kizuri cha kusafirisha mbegu. Kuendesha katika njia za zamani za shamba na kuosha gari kabla ya kuhama eneo ni wajibu. Kukata njia mpya porini kwa ajili ya picha ni uharibifu, hata kama mwongozaji anaruhusu.

Imebaki tarehe. Usiiweke safari hii siku ya mwisho ya mapumziko. Iweke siku ya pili au ya tatu, soma utabiri wa idara ya hali ya hewa iliyoko Vacoas jioni iliyotangulia, kisha piga simu shambani alfajiri na uulize upepo ukoje jukwaani kwao, si pwani kwako. Onyo la kimbunga likitolewa, ahirisha bila kusubiri kuona. Upepo ukiwa mkali huku mvua ni ndogo, omba gari peke yake siku hiyo, na waya uhamishiwe siku nyingine. Na kabla ya kulipa, pata kwa maandishi jibu la swali moja: waya ukifungwa, fedha yake hurudishwa au huhamishwa?