Kinga ya Wafulani dhidi ya malaria

Kinga ya Wafulani dhidi ya malaria ni uwezo wa Wafulani, kabila linaloishi katika nchi nyingi za Afrika Magharibi, wa kukabili vimelea vya ''Plasmodium falciparum'' kuliko majirani wao. Ni mfano maarufu wa tofauti za jeni za kinga kati ya jamii zinazoishi mahali pamoja.

== Utafiti ==
Mwaka 1996 David Modiano na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya kaskazini-mashariki mwa Ouagadougou, nchini Burkina Faso. Walilinganisha Wafulani, Wamossi na Warimaibe, ambao wote waliumwa na mbu kwa kiwango kinachofanana. Wafulani walikuwa na vimelea vichache zaidi katika damu, waliugua malaria mara chache zaidi na walikuwa na kingamwili nyingi zaidi.

Warimaibe walikuwa zamani watumwa wa Wafulani, na utamaduni wao unafanana na wa Wafulani. Hata hivyo, matokeo yao yalikaribiana na ya Wamossi. Kwa hiyo mtindo wa maisha pekee hautoshi kueleza tofauti hiyo. Nchini Mali, tofauti ya namna hiyo ilionekana kati ya Wafulani na Wadogon.

== Sababu ==
Jeni za selimundu na himoglobini C, ambazo hukinga dhidi ya malaria kali, ni chache zaidi kwa Wafulani kuliko kwa majirani hao. Ndiyo sababu wataalamu walianza kuchunguza jeni za mfumo wa kinga. Mojawapo ni FCGR2A, inayotengeneza protini ambayo seli nyeupe za damu huitumia kushika kingamwili. Nyingine ni jeni ya interleukini 4, inayochochea utengenezaji wa kingamwili. Pia seli T zinazotuliza kinga zilionekana kufanya kazi kwa udhaifu zaidi kwa Wafulani. Hakuna jeni moja inayoeleza tofauti yote.

== Umuhimu ==
Tofauti hizo ni za wastani wa jamii, si za kila mtu. Mtoto wa Kifulani anaweza kuugua malaria na kufa, hivyo anahitaji chandarua, kipimo na dawa kama mwingine yeyote. Kwa upande wa chanjo, matokeo ya majaribio katika jamii moja hayawezi kuchukuliwa kuwa ndiyo ya jamii jirani bila kupimwa.