"Saratani ya Koo" ni Ugonjwa Gani? Umuhimu wa Msimbo Sahihi katika Faili la Mgonjwa

Mkazi wa Makutupora, jijini Dodoma, anayeshindwa kumeza ugali husemwa kuwa huenda ana "saratani ya koo". Maneno hayo hayo husemwa kwa mtu ambaye sauti yake imekwaruza kwa miezi mingi, na kwa mwingine aliyeota uvimbe nyuma ya kinywa. Katika mazungumzo ya kijijini lugha hiyo inatosha. Ikiandikwa hivyo katika faili la hospitali, hata hivyo, inachanganya magonjwa matatu ambayo hayatibiwi kwa njia moja.

Ili kuondoa utata wa namna hiyo, Shirika la Afya Duniani husimamia Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ujulikanao kwa herufi ICD. Chimbuko lake ni orodha ya visababishi vya vifo iliyowasilishwa Chicago mwaka 1893 na mtakwimu wa Kifaransa, Jacques Bertillon. Katika toleo la kumi, saratani ya umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni, ni C15. Saratani ya zoloto, mahali sauti inapotengenezwa, ni C32. Koromeo likitajwa bila kuelezwa ni sehemu yake ipi, msimbo huwa C14.0. Kosa la hapa si dogo, kwa kuwa ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, una kiwango kikubwa cha saratani ya umio. Wagonjwa wa umio wakihesabiwa chini ya koromeo, magonjwa yote mawili huonekana katika takwimu kwa sura isiyo yake.

Saratani za mdomo, kinywa na koromeo zimepewa nafasi kuanzia C00 hadi C14. Ufizi ni C03, sakafu ya kinywa chini ya ulimi ni C04 na kaakaa ni C05. Ulimi umegawanywa: theluthi ya nyuma, ambayo ni shina la ulimi, ni C01, na sehemu ya mbele ni C02. Mgawanyo huo una sababu ya kitabibu. Uvimbe wa mbele mara nyingi huondolewa kwa upasuaji, ilhali ule wa shina hutegemea zaidi mionzi, peke yake au pamoja na dawa. Aidha, baadhi ya saratani za shina la ulimi na za tezi za mafindofindo husababishwa na virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambavyo chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote kwa wasichana mwaka 2018. Saratani nyingi za kinywa zinahusishwa na tumbaku na pombe. Faili likiandikwa "saratani ya ulimi" bila kusema ni mbele au nyuma, tofauti hiyo hupotea.

Si kila saratani inayoonekana kinywani huingia katika kundi hilo. Saratani ya Kaposi kwenye kaakaa, inayowapata zaidi watu wenye VVU, ni C46.2. Limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto na iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, ni C83.7.

Kabla ya majibu ya maabara, daktari hatakiwi kuandika msimbo wa saratani kwa sababu tu anaishuku. Anachoandika ni dalili: R13 kwa shida ya kumeza, R49.0 kwa sauti iliyokwaruza, R22.1 kwa uvimbe wa shingo. Uthibitisho hutokana na kinyama kinachokatwa na kuchunguzwa na mtaalamu wa patholojia. Ripoti yake hutaja pia aina ya seli. Saratani ya seli bapa, iliyo ya kawaida zaidi kinywani, huandikwa 8070/3 katika daftari la saratani, na tarakimu 3 ya mwisho humaanisha kuwa imekwisha kupenya ndani ya tishu. Ikiwa 2, bado haijapenya.

Mgonjwa aliyefika na tezi za shingo zilizovimba huhitaji uangalifu wa pekee. Msimbo C77.0 unaonesha kwamba saratani imesambaa hadi kwenye tezi hizo, lakini hausemi ilikoanzia. Chanzo lazima kitafutwe na kuandikwa.

Kumbukumbu hizi husafiri pamoja na mgonjwa. Kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyo zaidi ya kilomita 400 kutoka Dodoma, anayempokea huanza na yaliyomo katika barua ya rufaa. Madai ya bima ya afya nayo huambatana na msimbo wa ugonjwa.

Jambo jingine linalosahaulika ni makazi. Daftari la saratani huhesabu wagonjwa kwa mahali wanapoishi, si hospitali walikotibiwa. Kuna Makutupora ya Jiji la Dodoma, yenye visima vinavyolipatia jiji maji na mashamba ya zabibu, na kuna Makutupora ya Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, inayotajwa katika mradi wa reli ya kisasa kutoka Morogoro. Jina likiandikwa peke yake, mgonjwa anaweza kuhesabiwa katika mkoa usio wake.

Toleo la kumi na moja la ICD lilianza kutumika rasmi kimataifa Januari 1, 2022, na ndani yake shina la ulimi ni 2B61 badala ya C01. Kwa hiyo msimbo usiotaja toleo lake nao ni pungufu.

Mwananchi mwenye kidonda kinywani kisichopona kwa zaidi ya wiki tatu, sauti iliyokwaruza kwa muda kama huo, au shida ya kumeza inayozidi, anapaswa kufika kituo cha kutolea huduma za afya. Akikatwa kinyama, aombe nakala ya majibu na kuitunza. Anapojiandikisha ataje kijiji au mtaa, kata, wilaya na mkoa. Taarifa hizo ni za siri, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.