Fahamu: Rekodi ya Diane Abbott katika Bunge la Uingereza

Diane Abbott, binti wa wahamiaji kutoka Jamaika, alichaguliwa Juni 1987 kuwakilisha jimbo la Hackney North and Stoke Newington, London, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la Bunge ambalo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi.

Muda mwingi amekaa viti vya nyuma, ambako hukaa wabunge wasio na wadhifa serikalini wala katika uongozi wa upinzani, na ni kutoka huko alikopinga vita vya Iraq mwaka 2003, ingawa serikali ilikuwa ya chama chake cha Labour.

Hotuba yake iliyo bora kuliko zote ni ya Juni 2008, serikali ya Waziri Mkuu Gordon Brown ilipotaka polisi waruhusiwe kumshikilia mshukiwa wa ugaidi kwa siku 42 bila kumfungulia mashtaka, badala ya 28. Abbott alisema kwamba kutetea haki za rafiki ni jambo jepesi, bali mtihani wenyewe ni kutetea haki za wanaoshukiwa na kutengwa. Serikali ilishinda kwa kura 315 dhidi ya 306, lakini Oktoba Baraza la Malodi, ambalo wajumbe wake hawapigiwi kura na umma, lilikikataa kifungu hicho kwa kura 309 dhidi ya 118, na serikali ikakiacha.

Baadaye alikuwa waziri kivuli wa mambo ya ndani, yaani msemaji mkuu wa upinzani kuhusu wizara hiyo, 2016 hadi 2020. Tangu 2024 ndiye Mama wa Bunge, heshima ya mbunge mwanamke aliyetumikia mfululizo kwa muda mrefu zaidi.