Desturi za Waandishi wa FreeBSD

FreeBSD ni mfumo endeshi huria ulioanza mwaka 1993, na wengi wa wanaoujenga hujitolea tu. Wenye idhini ya kuingiza mabadiliko wako makundi matatu: wa msimbo wa mfumo wenyewe, wa programu za ziada, na wa maandishi ya maelezo. Hilo la tatu lina hadhi sawa na mengine, jambo lisilo la kawaida, kwani katika miradi mingi kuandika maelezo ni kazi ya yeyote atakayepatikana.

Mgeni haombi cheo. Huanza kwa kusahihisha dosari katika Handbook, mwongozo mkuu wa watumiaji: sentensi isiyoeleweka, au amri iliyokwisha kubadilika huku ukurasa ukitaja ile ya zamani. Hutuma sahihisho, na mwenye idhini hulikagua kisha akaliingiza. Mgeni akizidi kuleta kazi safi, wakaguzi huchoka kumwingizia, wakampendekeza apewe idhini yake. Kwa utani husemwa kuwa ameadhibiwa kwa bidii. Hapo hupewa mlezi, na kwa kipindi cha mwanzo haingizi kitu mpaka mlezi aridhie.

Watafsiri hutunzwa kwa kanuni moja ndogo. Anayebadilisha maneno hatakiwi kunyoosha nafasi na mistari kwa mkupuo huohuo. Huingiza maneno kwanza, kisha mpangilio peke yake, akiandika kwamba watafsiri wasijali badiliko hilo. Mtafsiri hulinganisha toleo jipya na la zamani. Aya nzima ikisogezwa kwa ajili ya nafasi tu, atapoteza jioni yake akitafuta neno jipya ambalo halipo.

Anayeharibu kazi ya wenzake, mfumo ukashindwa kujengeka, huvishwa "kofia yenye ncha" ya aibu, kwa maneno tu. Mara nyingi hujivisha mwenyewe katika maelezo ya sahihisho lake, na lawama huishia hapo.

Mabishano ndiyo yenye gharama kubwa. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp, mwanajamii kutoka Denmark, aliwaandikia wenzake akikumbusha kisa cha mwandishi Parkinson: kamati hupitisha mtambo wa nyuklia bila maswali, kisha hukesha ikibishania kibanda cha baiskeli. Tangu hapo mjadala wa mambo madogo huitwa kwa jina la kibanda hicho. Waandishi huathirika zaidi, maana si kila mtu anaelewa msimbo, lakini kila mtu ana maoni kuhusu alama ya mkato. Ndiyo maana kitabu chao cha kanuni kimekata mashauri mapema: katika Kiingereza, mkato huwekwa hata kabla ya kitu cha mwisho katika orodha, na maneno hayafupishwi.

Zana za kuandikia nazo zimebadilika: mwaka 2021 maandishi hayo ya maelezo yalihamishwa kutoka muundo wa DocBook, yenye vitambulisho vingi vya XML, kwenda AsciiDoc, ambayo mgeni huisoma karibu kama maandishi ya kawaida.