Mtoto Anapochora Dunia Iliyoangamia

Filamu na michezo ya video ya siku hizi hupenda kuonyesha dunia baada ya maangamizi: miji imegeuka magofu, mito imekauka, na wachache waliosalia wanagombania maji. Vijana huyatazama hayo kwenye simu na katika vibanda vya video, kisha huyachora madaftarini. Wazazi wengi wakiyaona hushtuka.

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, jambo hili lina uzito wa pekee. Kambi ya Nyarugusu, iliyopo Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi nao walimiminika, na kambi ya Nduta, iliyopo Kibondo, ikafunguliwa tena. Mtoto wa huko akichora nyumba inayoungua, tusiharakishe kusema ameiga filamu. Huenda anasimulia aliyoyaona, au aliyosimuliwa na bibi yake. Mzazi asimnyang'anye karatasi, bali amwulize kwa upole: "Hapa ni wapi, mwanangu? Nani aliishi humu?"

Kuhusu hukumu ya picha, wanavyuoni wametofautiana katika uchoraji wa viumbe wenye roho. Hata hivyo, Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Magofu, milima na miti ni uwanja mpana. Kipande cha mkaa na udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji vyatosha kuleta rangi ya moshi na vumbi.

Linalobaki ni mchoro uishie wapi. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi, inayoonyesha Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wamejifungia ndani, maji ni ya kupimiwa. Binti mmoja anatoroka kwenda kupanda mche jangwani.

Waislamu tunalo fundisho la karibu na hilo. Katika hadithi ya Anas bin Malik (R.A.), iliyopokewa na Imam Ahmad, Mtume (S.A.W.) ameagiza kwamba Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande.

Miti mingi kuzunguka kambi hizo imekwisha kwa kuni na ujenzi. Basi mtoto akimaliza kuchora magofu, apewe karatasi ya pili achore kitakachoota hapo. Mvua zikianza, Insha'Allah, wazazi watoke naye wakaupande.